Cheti cha Wazimu

Nchi iliyo baina ya Mlima Elgon na Ziwa Nyanza, ambayo leo hukatwa kati na mpaka wa Kenya na Uganda, haikuwa na mpaka huo hata mwaka 1902, Waingereza walipolitwaa Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda na kuliunga na himaya ya pili iliyokuja baadaye kuitwa Kenya. Na kwa tendo hilo la kalamu Wateso, Wakhayo, Wasamia na jirani zao wakaamka siku moja wana jamaa katika dola ya kigeni, hali hakuna aliyehama nyumba. Malaba na Busia ni watoto wa kalamu hiyo. Leo ni milango mikubwa ya biashara, malori ya shehena itokayo Mombasa yakipangana barabarani kungoja zamu ya kuvuka, na wavulana wa bodaboda wakipenya katikati yake kwa abiria na magunia. Lakini kwa habari ninayotaka kuisimulia, jambo la kukumbukwa ni masafa. Toka hapo mpaka Kampala ni kama kilomita 200, na kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Mtu wa upande wa Kenya aliyerukwa na akili zamani za ukoloni, maadamu serikali imekwisha mtia mkononi, alipelekwa huko kwa mbali, kwa kuwa nyumba ya wendawazimu ya koloni yake ilikuwa Mathari, Nairobi, ilhali binamu yake wa ng'ambo, mwenye maradhi yale yale na lugha ile ile, aliandikiwa Mulago, na tangu mwaka 1955 Butabika. Hata wazimu ulikuwa na uraia.

Maradhi ya akili ni ya kale kuliko dola zote mbili, wala sitajifanya tabibu wa kuyaeleza. Ninalolifuatia ni mamlaka ya kuyataja: ni nani katika pembe hii ya nchi aliyepewa idhini ya kusema kwamba fulani ni mwendawazimu, kwa ushahidi gani, na baada ya kusema hivyo, yule fulani alibakiwa na haki gani ya kujibu.

Kabla ya kuja kwa cheti na muhuri, neno hilo lilikuwa la jamaa. Mwanachuoni wa Kimarekani, Ivan Karp, aliyekaa na Wateso wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika habari za watu, aghalabu wanawake, waliopandwa na roho za wafu ziitwazo ipara, na jinsi uganguzi wao ulivyofanywa na kundi, kwa ngoma na karamu, hata mgonjwa akatoka humo si mtu wa pembeni bali mwenye cheo kipya mbele ya wenzake. Karp huyo huyo aliandika juu ya chungu cha ajon, pombe ya wimbi, na anayetaka kuelewa hukumu ya akili miongoni mwa Wateso ni vema akitazame chungu hicho kwa makini: kimewekwa katikati, maji ya moto yanamiminwa juu ya kimea kilichochacha, na wazee wamekizunguka, kila mmoja ameshika mrija mrefu uliozama humo, wakinywa chombo kimoja na kuzungumza. Pana udugu hapo, na pana hofu pia, kwa kuwa ni hapo hapo mtu hudhaniwa kutiliwa sumu. Basi anayekaa na wenzake penye chungu angali mtu, hata akiwa na maneno yasiyoeleweka. Asiyekaribishwa tena penye mrija, huyo ndiye aliyekwisha kuhukumiwa, na hukumu yake haikuandikwa popote, kwa hiyo iliweza kutanguliwa wakati wowote mtu akitulia.

Nisifahamike kwamba nazisifu zama hizo kupita kiasi. Palikuwa na mgonjwa aliyefungwa kamba, na aliyetiwa mguu katika gogo lililotobolewa, na aliyepigwa ili pepo amtoke. Na waganga walikuwako wa kweli na wa hila, kama walivyo matabibu wa kila taifa. Ila tofauti moja yafaa ishikwe: aliyemfunga alikuwa ndugu yake, na jirani waliweza kumuuliza kwa nini.

Serikali ya kikoloni ilikuja na utaratibu wa namna nyingine. Mwaka 1910, mahali palipokuwa karantini ya wagonjwa wa ndui nje ya Nairobi, pakafunguliwa nyumba ya wendawazimu, ambayo ndiyo iliyokuja kuitwa Mathari. Sheria iliyotumika mwanzo ilikuwa imetungwa mwaka 1858 kwa ajili ya Bara Hindi, na baadaye zikafuata sheria za hapa hapa, na kati ya hizo ile ya mwaka 1949 ndiyo iliyodumu hata kizazi kimoja na zaidi baada ya uhuru. Wagonjwa walitengwa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, na Mwafrika mwisho wa yote. Mambo yalikwenda hivi: mtu akizusha rabsha sokoni au akimtukana mkubwa, habari hufika kwa chifu, chifu humpeleka kwa Bwana Shauri, ambaye ndiye mtawala na ndiye hakimu, daktari humtazama, pengine kwa mkalimani, na akiwa mahabusu katika gereza la wilaya, karatasi huandikwa. Tangu reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kwa kupitia Malaba, aliyeandikiwa karatasi hiyo aliweza kupakiwa garimoshi chini ya ulinzi wa askari, akashushwa katika mji ambao hakuna aliyejua jina la baba yake. Wa kwanza kusema alikuwa chifu, na chifu alikuwa mtu wa kukusanya kodi na kuandikisha vibarua.

Elimu ya matabibu wa Nairobi siku hizo ilikuwa na mizani yake. Katika miaka ya 1930 Dakta H. L. Gordon, akiegemea vipimo vya ubongo vya Dakta F. W. Vint, alieneza fikra kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa asili. Na mwaka 1938 Mathari ikakabidhiwa Dakta J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa amesomea tiba ya akili, akakaa hata mwaka 1950. Carothers alihesabu Waafrika walioletwa kwake, akaona kwamba kwa mwaka ni watu 3.4 tu katika kila 100,000, tena kiwango kilikuwa kikubwa zaidi kwa waliotoka kwao kwenda kufanya kazi kwa Wazungu kuliko kwa waliobaki mashambani, na kutokana na hesabu hiyo akajenga nadharia nzima juu ya akili ya Mwafrika. Msomaji wa Busia atakuwa wa kwanza kuona ufa wa msingi huo. Mgonjwa aliyetunzwa na shangazi yake huko Samia, aliyevushwa usiku kwenda kwa mganga wa ng'ambo, au aliyeachwa azunguke soko akipewa muhogo na huyu na maji na yule, hakuingia katika daftari la Carothers. Aliyeingia ni yule aliyekutana na askari. Hesabu ile ilipima urefu wa mkono wa serikali, ikaitwa kipimo cha akili za watu.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alisoma kwa wamishonari wa Friends, akawa mchezaji hodari wa kandanda hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930, kisha akawa tarishi wa baraza la wenyeji, kazi ya kupeleka hati za wito kwa washitakiwa, ambayo ilimfundisha, nadhani, jinsi karatasi inavyomfunga mtu kabla ya kamba. Baadaye alijitenga na misheni na baraza, akahubiri dini iliyojulikana kwa jina la Dini ya Msambwa: watu warudie sadaka za wahenga wao, na Wazungu waondoke katika nchi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto na serikali ikawa inaandikisha watu kwa kazi ya lazima, Masinde alikaidi, pakawa na ugomvi na watu wa Chifu Amutalla wa Kimilili, akakamatwa. Mwaka 1945, badala ya kufungwa tu kama mkaidi, alipewa cheti cha wazimu akapelekwa Mathari, ambako mkuu wa hospitali alikuwa ni huyo Carothers.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo siasa na tiba zilipolala kitanda kimoja. Mfungwa wa siasa huwa na kesi. Huweza kujitetea, na wenziwe nje huhesabu siku zake. Mwendawazimu hana kesi, maneno yake yote ni dalili, na kila akiyatetea huzidi kuthibitisha maradhi yake: akisema mizimu imemtuma, ni wazimu, akisema serikali inamdhulumu, ni wazimu wa kujiona anadhulumiwa, akinyamaza, ni wazimu uliozama. Wala siwezi kuapa kwamba Masinde alikuwa na utulivu wa moyo kama watu wengine. Manabii hawana sifa hiyo, na waliomjua waliusimulia ukali wake. Ninalosema ni kwamba swali la afya yake liliulizwa baada ya kuikaidi serikali, na likaulizwa na serikali iliyokaidiwa. Hata kabla yake palikuwa na mifano. Ukambani, kuanzia mwaka 1911, wimbi la kupagawa na kucheza lilihesabiwa na watawala kuwa maradhi ya kuambukizana, na mwaka 1922 nabii Ndonye wa Kauti alihamishiwa Siyu, katika kisiwa cha Pate.

Mwaka 1947 Masinde aliachiliwa. Ikiwa Mathari ilimtibu, basi haikumtibu lile lililoisumbua serikali, kwani mwezi Septemba mwaka huo huo maelfu ya wafuasi walikusanyika naye Chetambe, penye ngome ambamo Wabukusu walishindwa na jeshi la Waingereza mwaka 1895, wakawatolea sadaka waliouawa huko. Mwezi Februari 1948, Malakisi, mashariki kidogo ya Malaba, mahali ambapo mtu hufika kwa miguu kabla ya jua kutua, umati wa Dini ya Msambwa ulikabiliana na polisi, risasi zikapigwa, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa tena. Safari hii hakuna aliyetaja daktari, akahamishiwa Lamu.

Kuna kejeli katika safari hiyo ambayo msomaji wa pwani hawezi kuipita. Lamu, ambako serikali ilidhani imemtupa nje ya dunia, ni mji wenye tiba zake za roho tangu dahari: shehe huandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, huziosha kwa maji ya waridi, na mgonjwa hunywa kombe hilo; akisomewa asipopoa, wapo wa kumpungia pepo kwa ngoma, ijapokuwa maulamaa hawaridhii. Hakuna Bwana Shauri aliyeita jambo hilo wazimu wala hatari kwa dola. Mtu wa Kimilili aliyetaka kunena na mizimu yake alifungwa katika mji ambao watu walinena na mashetani wao kila juma, na tofauti ya hao wawili ilikuwa kwamba mashetani wa Lamu hawakudai mashamba yarudishwe.

Carothers alipoondoka Kenya, fikra zake zilipewa mabawa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika mwaka 1953, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamtaka aeleze saikolojia ya Mau Mau, naye akaandika risala iliyounga mkono watu kukusanywa katika vijiji. Majibu yalitoka Afrika. Frantz Fanon, tabibu wa akili aliyekuwa Blida nchini Algeria, alimkabili kwa kalamu kali mwaka 1961. Na Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alimkabili kwa matendo, alipoanzisha mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, utaratibu wa mgonjwa kupanga nyumba kijijini pamoja na ndugu yake, kutibiwa hospitalini mchana na kurudi jioni kwenye jiko la watu, na waganga wa kienyeji wakishirikishwa katika tiba. Kila nikisoma habari za Aro huwaza kwamba jambo hilo lingeweza kufanywa Busia kwa wepesi zaidi, kwa kuwa huko jamaa walikuwa tayari wanawasindikiza wagonjwa wao kwa waganga wakibeba sufuria na mablanketi. Kilichokosekana ni daktari wa kuwafuata.

Badala ya kufuatwa, waganga waliwekewa sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliadhibu mambo mengi kwa pamoja, na mtu aliyepunga pepo kwa ajira aliweza kujikuta katika kundi moja na aliyeloga, hali yeye ameitwa kumtoa mtu katika kulogwa. Sheria hiyo ilirithiwa na uhuru pamoja na Mathari yenyewe. Wilaya ya Busia ikapata hospitali yake, na vyumba vya wagonjwa wa akili vikafunguliwa mikoani, Kakamega na Kisumu zikiwa karibu zaidi na mpaka, ambalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini madaktari wa akili wakaendelea kukaa Nairobi kwa wingi, na mwenye mgonjwa Amagoro au Funyula akaendelea kukopa nauli.

Masinde aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na serikali ya wananchi nayo haikuweza kukaa naye; mwaka 1968 Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mara ya pili, na mwenyewe akarudi gerezani. Alifariki mwaka 1987. Mwishoni mwa mwaka huo huo Alice Auma, aitwaye Lakwena kwa jina la roho aliyempanda, ambaye miaka miwili nyuma alisemekana amerukwa na akili hata baba yake akamzungusha kwa waganga, na ambaye sasa jeshi lake la Roho Mtakatifu lilikuwa limevunjwa karibu na Jinja, alivuka mpaka akaingia Kenya. Hapa alihukumiwa kwa kuingia nchini bila ruhusa, na akafa mwaka 2007 katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Dola ya mwaka 1945 ilimtazama nabii ikaona mgonjwa. Ya mwaka 1987 ilimtazama ikaona mtu asiye na pasipoti. Pengine hayo ni maendeleo, walau mwenye kosa la pasipoti hujua kifungo chake kitaisha lini.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliruhusu mtu ajiingize hospitalini kwa hiari yake, jambo jema. Lakini ilisema pia kwamba afisa wa polisi, na chifu, na naibu wa chifu, aweza kumkamata mtu amdhaniaye kuwa na maradhi ya akili na hatari, na kumpeleka hospitalini. Ile dhana ya chifu, iliyompakia mtu garimoshi Malaba miaka ya 1930, ilikuwa ingali na nguvu ya sheria. Mwezi Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa siku moja, na magazeti yakashughulika kuuliza wametokaje kuliko kuuliza kwa nini.

Wakati huo walikuwa wamekwisha kujitokeza wasemaji ambao historia hii yote haikuwa nao, nao ni wagonjwa wenyewe. Kwa jina la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, tangu mwaka 2007 watu waliopitia hospitali hizo waliungana katika vikundi vya kusaidiana, ambamo mwenye maradhi humsikiliza mwenzake pasipo koti jeupe, na wakadai, kwa kutegemea Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliothibitishwa na Kenya mwaka 2008, kwamba mtu asinyang'anywe uwezo wake wa kuamua kwa sababu ya jina la ugonjwa. Makueni nako, Profesa David Ndetei na wenzake waliwaketisha pamoja wauguzi, waganga na wachungaji, ili kila mmoja ajue wakati wa kumpeleka mgonjwa kwa mwingine. Jambo ambalo Lambo alilifanya miaka 60 kabla.

Na mtu asidhani kwamba dawa ya mabaya ya hospitali ni kila kilicho nje ya hospitali. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya watu wafungwao minyororo duniani, na Kenya ilikuwamo, kwa habari za wagonjwa waliokutwa wamefungwa katika nyumba ya maombi huko Kisumu. Mnyororo ni mnyororo, ukifungwa kwa jina la daktari au kwa jina la Bwana, na mimi simwamini mganga asiyemruhusu mgonjwa kuondoka zaidi ya ninavyomwamini Bwana Shauri. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na Dakta Frank Njenga iliitaka serikali itangaze afya ya akili kuwa dharura ya taifa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yakazitwika kaunti, Busia ikiwamo, wajibu wa kutoa tiba hiyo karibu na watu, na yakataja haki za mgonjwa kwa urefu usiokuwako zamani, ingawa mlango wa kumlaza mtu pasipo ridhaa yake ukaachwa wazi.

Lililobaki lilikuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Aliyeokolewa mtoni Malaba au aliyetapishwa sumu ya kunguni katika zahanati aliweza kumkuta polisi amekaa kando ya kitanda. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi akiamua dai lililofikishwa na Tume ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Akili, ilisema kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Polisi, kwa mujibu wa hukumu hiyo, hana tena kazi kando ya kitanda kile. Kiti alichokiacha ni cha kaunti, ambayo bado inatafuta mtu wa kukikalia na fedha za kumlipa.